Simulizi Isiyokubali Kunyooka

Nimechoka kusikia kwamba riwaya fulani ya vita ni ngumu kwa sababu mwandishi alitaka kuonyesha ujuzi wake. Lawama hiyo humwangukia karibu kila anayeandika kuhusu vita bila kufuata mfuatano wa matukio. Mara mhusika yuko mstari wa mbele, mara ni mzee mwenye wajukuu, mara ni kijana ambaye hajavaa hata sare. Msomaji anapotea, anaudhika, anafunga kitabu. Namwelewa kabisa. Ila naamini kwa dhati kwamba katika riwaya bora za kupinga vita, kule kukatikakatika kwa masimulizi si pambo. Ndiko hoja ya kitabu ilipo.

Tazama Catch-22 ya Joseph Heller, iliyotoka mwaka 1961. Heller alikuwa mlengaji mabomu katika ndege za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaruka safari 60 za mashambulizi akitokea kisiwa cha Corsica. Mhusika wake mkuu, Yossarian, anafanya kazi hiyohiyo. Mapema kitabuni linatajwa jina la kijana anayeitwa Snowden, kisha habari zinahamia kwingine. Jina linarudi, linakatizwa tena. Tunajua alifia ndegeni. Namna alivyokufa hatuambiwi. Njiani tunamkuta Yossarian amesimama uchi wa mnyama kwenye gwaride akivishwa nishani, na siku ya mazishi ya Snowden amekaa juu ya mti, uchi vilevile. Tunacheka. Heller ameyaandika ili tucheke.

Halafu, sura moja tu kabla ya ile ya mwisho, tunaingizwa ndegeni. Snowden amelala sakafuni, ana jeraha kubwa la paja. Yossarian analisafisha, analifunga kwa uangalifu, na anaanza kutulia kwa kuwa anaona kazi imekwenda vizuri. Kijana analalamika kwamba anasikia baridi. Yossarian anambembeleza. Baridi haiishi. Ndipo anapogundua kwamba jeraha la paja silo. Lile la kuua lilikuwa chini ya fulana ya kinga, na fulana ilipofunguliwa, matumbo yakamwagika. Damu iliyomrukia Yossarian siku ile ndiyo iliyomfanya azikatae nguo.

Rudi sasa kwenye kicheko chetu. Kwa mamia ya kurasa tulikuwa tukifanya alichofanya Yossarian: kushughulikia jeraha lisilo lenyewe. Tulidhani uchi ule ni kichekesho kuhusu jeshi na urasimu wake, kumbe tulikuwa tunamtazama mtu aliyeshindwa kuvaa tena nguo zenye damu ya mwenzake. Heller angeianza riwaya kwa kifo kile, tungesikitika, na kufika sura ya tano huzuni ingekuwa imekwisha. Mpangilio alioutumia unatufanya tuwajibike kwa namna tulivyokuwa tukisoma. Sijui mbinu nyingine ambayo ingeweza kufanya hivyo.

Katika masomo ya fasihi tunafundishwa kuiita mbinu rejeshi na kuendelea na swali linalofuata. Jina hilo linanipa shida hapa. Mbinu rejeshi ya kawaida ni ya mtu anayeamua kukumbuka: anakaa, anawaza, anarudi nyuma, anamaliza, anarejea alipo. Aliyepatwa na kiwewe haamui. Kumbukumbu humvamia kwa harufu, kwa mlio, kwa sura ya mtu asiyehusika, nayo haiji kama jambo lililopita bali kama jambo linalotokea sasa hivi. Daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari wenye mshtuko wa mizinga katika jarida la The Lancet mwaka 1915, na ilikuwa 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa. Waandishi hawakuusubiri mwongozo huo.

Miaka 11 kabla yake, mwaka 1969, Kurt Vonnegut alitoa Slaughterhouse-Five. Alikuwa mateka wa Wajerumani mjini Dresden mji huo ulipoteketezwa kwa mabomu Februari 1945, akanusurika katika ghala la nyama lililokuwa chini ya ardhi kwenye machinjio. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kupata namna ya kulisimulia. Billy Pilgrim, mhusika wake, anarushwa huku na huko ndani ya maisha yake mwenyewe, wakati mwingine hadi sayari nyingine, bila kuulizwa. Wengi hukumbuka hiyo sayari. Mimi naona moyo wa kitabu uko kwenye sherehe ya kuadhimisha miaka 18 ya ndoa ya Billy, muda mrefu baada ya vita. Wanaume wanne wanaimba pamoja, na Billy anabadilika sura kana kwamba ameona mzimu. Hajui kwa nini. Anapanda ghorofani, analala, na kwa mara hiyo harushwi popote katika wakati: anakumbuka tu. Anawakumbuka walinzi wanne wa Kijerumani waliotoka ghalani baada ya mashambulizi wakauona mji wao haupo, vinywa vyao vikiwa wazi bila kutoa neno. Walifanana na waimbaji wanne katika filamu isiyo na sauti.

Kitabu kizima kimetawanyika, na hapo tu, kwa ukurasa hivi, kinatulia. Ndiyo maana siwavumilii wanaoiga mtawanyiko bila kuwa na kitu kama wale walinzi wanne katikati. Zipo riwaya ambazo unaweza kuzichanganya sura zake na usiharibu chochote, kwa kuwa vipande vyake havikwepi lolote. Hizo zimeazima tu vazi la kiwewe.

Wala sisemi kwamba kila riwaya ya vita lazima ivunjwe. Erich Maria Remarque aliandika All Quiet on the Western Front, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929, kwa mtiririko unaofuatika vizuri, na inauma. Hata hivyo mwishoni sauti ya “mimi” iliyotubeba tangu mwanzo inakatika ghafla, na mtu mwingine anatuarifu kwa maneno machache kwamba kijana ameuawa Oktoba 1918. Mpasuko ni mmoja tu, na unatosha.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni jingine kabisa. Simulizi za vipande hukaa kichwani mwa askari. Nafsi inayopasuka ni yake, huruma inamwendea yeye, na waliouawa kwa mkono wake wanabaki kuwa chanzo cha ndoto zake mbaya. Tim O'Brien, aliyepigana Vietnam, alilijua tatizo hilo. Katika The Things They Carried, ya mwaka 1990, msimulizi anaukodolea macho mwili wa kijana wa Kivietnam, anarudia maelezo yaleyale ya uso wake tena na tena, na anamtungia maisha: masomo, mapenzi, woga wa kuitwa vitani. Ni kurasa zinazochoma. Lakini maisha hayo ni ya kubuniwa na aliyeua, na yule kijana hasemi kitu.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wa O'Brien wasiishie kwake. Bao Ninh alipigana upande wa pili wa vita hivyohivyo, na riwaya yake, The Sorrow of War, ilitoka Vietnam mwaka huohuo wa 1990. Mhusika wake, Kien, baada ya vita anakusanya mabaki ya wenzake msituni, kisha anakuwa mwandishi asiyeweza kuandika jambo moja bila jingine kulikatiza. Anaondoka, na rundo la karatasi zake linaangukia mikononi mwa msimulizi mwingine, kurasa zikiwa zimechanganyika na hazina namba. Huyo anajaribu kuzipanga kwa mfuatano wa wakati. Anashindwa, anaacha, anazisoma zilivyo.

Ningependa kurasa hizo zisomwe katika kila darasa ambalo wanafunzi huambiwa wayapange upya matukio ya riwaya kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Zoezi hilo lina faida kwa hadithi nyingi. Kwa riwaya hizi, mwanafunzi apewe swali lingine: ni jambo gani ambalo msimulizi amelikaribia mara tatu akaligeuzia mgongo, na ni nini kilichomrudisha kwake mara ya nne?