Slabu ilimwagwa Februari, msingi utachimbwa Oktoba

Mimi jamani nilikuwa na amani yangu. Kontena langu la ofisi pale saiti ya ujenzi, nje kidogo ya Kampala, barabara ya Namugongo ukishapita Kyaliwajjala, feni ya kelele, kaunta buku, chai ya tangawizi saa 4, na kompyuta moja nzee yenye ile softiwea ya mikataba ambayo tulishazoeana nayo kama mtu na mke wake wa siku nyingi, akinuna najua nimguse wapi. Ukiiambia ichapishe mara ya kwanza inakaa kimya, mara ya pili inaganda, mara ya tatu inatoa nakala tatu kwa mpigo. Sawa tu, si nakala tatu ndio tunazotakaga, moja ya konsalta, moja ya bosi, moja ya kufungia rolex, ile chapati yetu ya mayai.

Sasa akaja huyu kijana, mtoto wa dada yake bosi, kamaliza chuo juzi, laptopu yake ina stika mpaka kwenye chaja. Akamwambia bosi anko hii vashoni mnayotumia imezeeka, walioitengeneza wenyewe wameshaisahau, halafu hata Windows 10 inaachwa tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya hapo hakuna tena apdeti za usalama za bure, wezi wa intaneti wanaweza kuingia. Bosi kusikia wezi macho yakamtoka. Mimi nikauliza, kwa heshima tu, huyo mwizi akiingia humu ataiba nini, humu kuna madeni matupu, aje basi achukue na lile la nondo. Hakuna aliyecheka.

(Mimi ni mtoto wa barakisi, kambi ya jeshi, nimekulia Bombo, Kiswahili ndicho nilichonyonya. Zamani Kampala ukikiongea kwenye takisi watu wanashika mifuko yao. Tangu kabineti ipitishe Julai 2022 kwamba ni lugha rasmi, bosi ananiita mwalimu. Heshima nimepata. Mshahara wa Juni na Julai bado uko njiani, kama lori la saruji kutoka Tororo, kila ukipiga simu limeshapita Jinja.)

Apgredi ikawekwa Jumamosi tarehe 9 Agosti. Nilidhani ni kubonyeza tu, kama simu inavyojiapdeti usiku umelala. Kumbe wapi, eti huwezi kutoka vashoni ya zamani ukaruka moja kwa moja mpaka mpya, lazima upande ngazi, kwanza uweke ile ya katikati ibadilishe mafaili ya data, halafu ndio uweke mpya nayo ibadilishe tena. Tumeanza saa 3 asubuhi. Saa 8 tuko asilimia 67, umeme ukaenda. Genereta ipo, dizeli ipo, ufunguo anao bosi, na bosi yuko kwanjula, sherehe ya posa, Masaka, amevaa kanzu na koti, simu amempa mtu amshikie. Tukakaa gizani humo kontenani mimi na kijana tunaangaliana, joto kama tumewekwa kwenye oveni ya mkate. Lakini nimpe haki yake, alikuwa amefanya bakapu, mbili, moja kwenye flashi amejitundika shingoni kama hirizi. Umeme uliporudi tukaanza upya kutoka ngazi ya kwanza, tukamaliza saa 3 usiku, nikarudi nyumbani mama watoto akaniuliza mlikuwa mnamwaga slabu? Nikamwambia afadhali slabu.

Jumatatu asubuhi nafungua, banange. Rangi nzuri, vibatani vya mviringo, salamu inakuja na jina langu. VAT ya 18% inajikokotoa yenyewe, zamani nilikuwa naipiga kwa kalkuleta, hilo nakubali na nitalisema mbele ya watu. Nikaingia kwenye rejista ya kazi za Bloku B. Imeandikwa slabu ya kwanza ilimwagwa tarehe 6 Februari 2025. Nikasema hee. Nikashuka chini, msingi ulichimbwa tarehe 3 Oktoba 2025. Tuko Agosti! Yaani msingi bado haujachimbwa, utachimbwa Oktoba, na slabu iko juu hewani tangu Februari inatusubiri.

Ile slabu mimi naikumbuka kama siku ya harusi yangu. Ilikuwa tarehe 2 Juni, kesho yake ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, barabara ya Namugongo imejaa mahujaji, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima, wana rozari na majerikeni ya maji, na katikati yao lori letu la zege linazunguka taratibu kama nalo linakwenda kuhiji. Foromani analia kwamba zege litaganda ndani. Hiyo siku mtu ataisahauje?

Kijana akaja akaangalia, akajikuna kichwa, akasema ah anko ni fomati. Softiwea mpya imekuja na tarehe za Kimarekani, kule mwezi unatangulia siku. Kwa hiyo 02/06 sisi tumeandika tarehe 2 mwezi wa 6, yenyewe imesoma mwezi wa 2 tarehe 6. Msingi tulichimba 10/03, ikasoma mwezi wa 10 tarehe 3. Sasa uchawi wenyewe uko hapa, tarehe zikishapita 12 imeziacha kama zilivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Ile slabu tulipima mchemraba wa zege baada ya siku 28, tarehe 30/06, hiyo imekaa pale pale Juni 30. Kwa hiyo ukisoma rejista, zege limemwagwa Februari, limepimwa mwisho wa Juni, karibu miezi mitano linafanya nini katikati hapo, limekwenda likizo kijijini? Nusu ya rejista kweli nusu uongo, na uongo wenyewe umevaa vizuri kuliko ukweli. Ingekuwa yote imeharibika tungeijua na kuitupa.

Kijana akataka kurudisha bakapu aingize upya na fomati yetu. Bosi akakataa, eti asubuhi hiyo QS, mkadiriaji wetu wa gharama, alishaingiza mambo mapya hayawezi kupotea. Basi nani arekebishe mstari mmoja mmoja? Mwalimu. Kwa kutumia nini? Kaunta buku, hiyo hiyo iliyokuwa inachekwa, yenye doa la mchuzi kwenye ukurasa wa Machi.

Sijafika hata ukurasa wa tatu nasikia bodaboda inafunga breki nje. Fundi bomba. Yule wa Bloku A, iliyokabidhiwa tarehe 5 Novemba mwaka jana. Amevaa kanzu, Jumatatu, saa 6 mchana, nikajua hapa kuna jambo. Akanionyesha simu. Kumbe hii softiwea mpya inatuma meseji yenyewe alfajiri, haiulizi mtu. Kazi yake ilikuwa milioni 86, tulishikilia 10%, yaani 8,600,000, nusu tukamlipa siku ya kukabidhi, nusu iliyobaki 4,300,000 inasubiri siku 365 tuone kama mabomba yatavuja. 05/11 ikasomwa mwezi wa 5 tarehe 11. Kwa hesabu ya mashine mwaka wake ulitimia tarehe 11 Mei, na meseji ikamwambia kwamba pesa yake imechelewa siku 92.

"Mwalimu, mimi sikuja na maneno," akasema, akakaa kwenye kiti cha bosi. "Kompyuta yenu ndiyo imesema. Na siku 92 lazima zina ka-riba kadogo."

Nikamwambia ndugu yangu, ni kosa la tarehe, haki yako ni Novemba. Akaniuliza, kosa la tarehe mbona nyinyi mkikata pesa yangu huwa hamkosei? Nikamwambia na choo cha ghorofa ya pili kinavuja, mpangaji anaoga na mwavuli. Akasema hiyo ya choo imo kwenye kompyuta? Haimo. Basi kompyuta inasema mimi nadai na wewe mdomo unasema choo, tumwamini nani? Jamani fundi bomba huyu miaka yote hakuwahi kuamini karatasi yetu hata moja, leo amekuwa mtu wa teknolojia. Tulimpa soda na 10,000 ya boda, akaondoka, lakini ile meseji amesema hafuti.

Ya Hajji wa mchanga sitaki kuisema sana, nina presha. Softiwea ya zamani nilimwandika "Hajji mchanga" ikatosha. Hii mpya hailipi mtu asiye na TIN, na TIN ni tarakimu 10. Nikampigia. Hajji, naomba namba yako. Ipi? Ya kodi. Akasema namba yangu inajulikana kutoka Lwera mpaka hapo kwenu, imeandikwa mlangoni kwa lori. Nikamweleza habari za URA, wale wakusanya kodi, na ile withholding, kodi ya zuio, ya 6% tunayopaswa kumkata, akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, 6% ya lori moja ni beleshi ngapi? Mwishowe akanipa namba kumi kwa haraka akakata simu. Nikaingiza, ikakubali, ikatoa alama ya kijani. Jioni ndio naangalia vizuri inaanza na 07. Amenipa namba ya simu! Softiwea ya mamilioni inahesabu tarakimu tu, kumi zimetimia karibu ndani. Nimeifuta ile namba, mchanga haujalipwa mpaka leo na Hajji simu zangu hapokei.

Kuna na ripoti ya jumla ilitoka kwenye Excel, bosi anaishika anasema hii reli ya kwenda wapi. Safu nyembamba, shilingi zetu ndefu, kila bilioni imekuwa #######. Hiyo nilivuta safu tu ikapona, lakini alishawaonyesha watu wa benki.

Sasa lenyewe. Setifiketi namba 6, ile ya kulipwa kazi tuliyofanya. Mkataba wetu ni wa kile kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, masharti ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ukipeleka stetimenti mhandisi ana siku 28 za kutoa setifiketi, na mwenye mali analipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi aipokee. Siku moja ukichelewa kupeleka, na mlolongo wote unasogea, na mapota, vibarua wetu, wanaolipwa kila Jumamosi hawajui FIDIC ni nani. Nimejaza yote, nimekagua tarehe mpaka macho yanalia, nabonyeza tuma. Ikaandika: inasubiri idhini. Ya nani? Ya enjinia wetu wa zamani. Yule aliyeondoka mwaka jana kwa hasira akaenda kufanya kazi Juba!

Kijana akaeleza kwamba kwenye vashoni ya zamani jina lake lilikuwa pale kama pambo, haikuwa inauliza idhini ya mtu. Apgredi imebeba majina yote na haki zao, na hii mpya inauliza kweli. Yeye ndiye mtoa idhini wa mwisho, yeye ndiye admini, na ukitaka kubadilisha paswadi linki inakwenda kwenye imeili yake. Tukawaandikia wenye softiwea, wakajibu vizuri sana kwamba kwa usalama wa data zetu admini ndiye athibitishe. Wezi wa intaneti hoi. Hata sisi wenyewe hatuingii.

Bosi akampigia. Akaweka spika, na alianza na sauti ya asali, oh enjinia wangu, habari za Juba, joto je, familia je. Jamaa akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mzee, mimi nadai mishahara miwili, nimekuja hapo ofisini kwako mara tano, umenizungusha mpaka leba ofisi wamenizoea, leo ikiingia kwenye mobail mani leo leo nabonyeza.

Nimefanya kazi na bosi miaka tisa. Sijawahi kumwona akilipa deni siku aliyodaiwa. Alizunguka kontena mara mbili, akatoka nje akapiga kelele kwa mtu asiyehusika aliyekuwa anapepeta mchanga, akarudi, akatoa simu. Dakika 20, pesa imekwenda, na za kutolea juu. Dakika ya 21 skrini yangu ikageuka kijani, setifiketi namba 6 imepita. Mtu amepigania mshahara wake mwaka mzima kwa barua na kwa miguu, akaja kulipwa na apgredi.

Yule enjinia akatuma na meseji ya mwisho kwa kijana, kwamba yeye ameshamaliza, tumtajie jina la kuweka mahali pake. Bosi alikuwa ameshaingia kwenye gari, vioo vinapanda.

"Anko, tuweke la nani?" kijana akauliza.

"Weka la mtu yeyote anayeshinda hapa," akasema, akaondoka.

Kijana akanigeukia. Nikasogeza kiti, nikaweka kikombe cha chai pembeni, nikamtajia jina langu herufi moja moja asije akakosea, na imeili nikampa ile yangu mwenyewe, si ya ofisi.