Jeshi la Necromancer katika Diablo II: askari wa aina moja au mchanganyiko?

Mchezaji wa Necromancer, mhusika mchawi anayeamsha wafu, akitegemea jeshi lao katika mchezo wa kompyuta wa Diablo II huwa hana cha kubishania mpaka anapoingia ngazi ya Hell, iliyo ya tatu na ngumu kuliko zote. Kabla ya hapo kila mtu anajaza pointi za skili kwenye Raise Skeleton, inayoamsha askari wa mifupa, na Skeleton Mastery, inayowaongezea nguvu, na mambo yanakwenda. Mzozo huanza kwenye pointi zinazobaki. Wapo wanaosema jeshi liwe la askari wa mifupa wanaopiga kwa panga, basi. Wengine wanataka kila aina ipewe uzito: wachawi wa mifupa, golemu, maadui waliofufuliwa kwa Revive. Hoja za pande zote mbili zina msingi, ila haziwi na nguvu ileile kila mahali. Hesabu nitakazotumia ni za Lord of Destruction, nyongeza ya mchezo huo, kuanzia toleo la 1.10 la mwaka 2003.

Tuanze na bajeti, maana wengi hubishana bila kuipiga hesabu. Ukiwa leveli 60 umepata pointi 59 za kupanda leveli, na 8 za misheni za ngazi mbili za mwanzo. Jumla 67. Raise Skeleton 20 na Skeleton Mastery 20 zinakula 40. Clay Golem (golemu wa udongo), Golem Mastery na Summon Resist moja moja, ni 43. Mchawi wa mifupa pointi moja, 44. Laana ya Amplify Damage, kisha Weaken na Terror za kupitia tu ili ufike Decrepify, 48. Teeth moja ikufungulie Corpse Explosion, skili ya kulipua maiti, nayo moja, 50. Umebakiwa na 17, na ugomvi wote uko hapo.

Anayetaka mchanganyiko atazitia kwa wachawi. Tuone zinanunua nini. Idadi ya viunzi, yaani hawa wafu wa mifupa, wawe wa panga au wa uchawi, ni 2 kuongeza theluthi ya kiwango cha skili, na sehemu zisizotimia hutupwa. Ni viwango vitatu vya mwanzo tu vinavyotoa kimoja, viwili, vitatu. Kwa hiyo Raise Skeleton yenye 20 inakupa askari 8. Mwenye vifaa vinavyoongeza +5 kwa skili zote, pointi yake moja ya wachawi inasomeka kama 6, na anapata wachawi 4. Akiongeza zile 17 inasomeka 23, anapata 9. Amelipa pointi 17 kwa wachawi 5, pamoja na nyongeza ya uhai na madhara kwa wote. Si bure, lakini si bei ya kutupa pia.

Wanaotaka mchanganyiko wanapopata shida ni kwenye laana, na kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Adui hubeba laana moja tu kwa wakati; ukitupa ya pili, ya kwanza inafutika. Amplify Damage hupunguza ukinzani wa adui dhidi ya mapigo ya silaha kwa 100. Asiye na ukinzani anaumia mara mbili. Mwenye ukinzani wa asilimia 50, ambaye pigo la 100 lilikuwa linamfikia 50, sasa linamfikia 150, yaani mara tatu. Wachawi hawapati hata chembe ya faida hiyo, kwa sababu mishale yao ni ya moto, baridi, umeme au sumu. Laana yao ni Lower Resist, nayo haiwasaidii askari wa panga. Jeshi lililogawanywa nusu kwa nusu linapigana siku zote nusu yake ikiwa haina laana nyuma yake. Mamluki naye ni vilevile: yule wa mji wa Lut Gholein katika Nightmare, ngazi ya pili, mwenye aura (nguvu inayowafikia wenzake walio karibu) ya Might anaongeza nguvu za silaha, si za uchawi. Kila kinachokuza jeshi hili kinakuza upande mmoja.

Juu ya hayo, huchagui mchawi wa aina gani anatoka kwenye maiti. Wa sumu ana faida yake, humzuia adui kurudisha uhai. Wa baridi humpunguza adui mwendo, lakini anayekufa akiwa ameganda anaweza kupasuka vipandevipande, na maiti yake haipo tena. Kwa Necromancer maiti ni mali: ndiyo malighafi ya askari mpya, na ndiyo bomu la Corpse Explosion. Msaidizi anayekuharibia maiti hasara yake haionekani mapema. Unaiona pale askari watatu wameanguka na sakafu iko tupu.

Lakini wanaotetea mchanganyiko wana jibu zito katika Hell, nalo ni kinga. Adui mwenye ukinzani wa 100 au zaidi dhidi ya mapigo ya silaha hapigiki na askari wako hata mmoja. Laana hufanya kazi kwa sehemu moja ya tano ya nguvu yake tu juu ya kinga: Amplify Damage inashusha 20, Decrepify inashusha 10. Mwenye 110 akilaaniwa kwa Amplify Damage anabaki na 90. Kinga imevunjika, ndiyo, ila pigo la 100 linamfikia 10. Mwenye 120 hata hajashtuka. Askari 8 wanaweza kulizunguka kundi kama hilo wakikata hewa, na huku wanaliwa mmoja mmoja.

Corpse Explosion inatatua sehemu kubwa ya hili, kwa kuwa nusu ya mlipuko ni moto, na nusu ya pili inakuzwa na Amplify Damage. Madhara yake yanatokana na uhai wa maiti, hayapandi na kiwango cha skili. Pointi zaidi zinapanua duara la mlipuko, na gharama ya mana inapanda nazo. Ndiyo maana hata pointi moja tayari inafanya kazi. Lakini lazima iwepo maiti ya kwanza, na wapo maadui wasioacha maiti ya kutumika. Mbele ya kundi zima lenye kinga, wachawi wanne wa pointi moja ndio wanaofungua mlango. Huhitaji tisa kwa kazi hiyo.

Uwanja nao una neno. Maggot Lair ya Sura ya Pili ni vishimo vyembamba ambamo askari hufuatana kwa mstari mmoja. Kati ya nane, wa mbele ndiye anayepigana na wengine wanasubiri. Mishale ya wachawi hupita katikati ya wenzao bila kuwadhuru, hivyo mle ndani hata wachache wanafanya kazi kuliko askari watano walioko nyuma. Chumba cha Duriel, adui mkuu wa Sura hiyo, ni kinyume chake. Hakina adui mwingine, kwa hiyo hakina maiti, na kiunzi kinachoanguka hakina mrithi. Katika jeshi hili golemu wa udongo peke yake anaitwa kwa mana tupu. Mlaani Duriel kwa Decrepify, inayopunguza mwendo, mwite golemu, akifa mwite tena palepale miguuni pake. Golemu naye humpunguza mwendo kwa kila pigo. Beba chupa za mana za kutosha. Jeshi lisilo na golemu hapo linageuka mtu mmoja anayekimbia ndani ya chumba kidogo.

Revive naisemea kidogo. Waliofufuliwa wanadumu sekunde 180, wanatangatanga, na wanataka uwahesabie saa huku unapigana. Wana nguvu, ila hawatunziki, na sioni sababu ya kuwajengea jeshi.

Kwa hiyo mimi naziweka zile 17 kwenye Corpse Explosion kwanza, aina nyingine zote zikibaki na pointi moja moja. Isipokuwa kwa asiye na vifaa vya kuongeza skili: pointi moja kwake ni mchawi mmoja kweli, na mchawi mmoja hafui dafu mbele ya kundi lenye kinga. Huyo ana haki ya kuweka pointi tano zaidi mapema, afikishe kiwango cha 6 na wachawi 4, kisha arudi kwenye milipuko. Na ukipiga hesabu mpaka mwisho, Corpse Explosion 20 na wachawi 20 juu ya ule msingi wa 50 ni pointi 88. Ukimaliza misheni zote zenye pointi, ambazo ni 12, unazifikia ukiwa leveli 77. Ubishi huu wote ni wa leveli 17 za katikati, na hizo ndizo ambazo watu wengi hukwama na kuanza mhusika mpya.