Bunduki ya wenzo: kwa nini nachagua kulenga kwa tundu

Mtu anayenunua bunduki ya wenzo, yaani ile inayopakiwa kwa kusukuma na kurudisha wenzo ulio chini ya kasha lake, ili awinde kulungu katika misitu ya mashariki mwa Marekani hujikuta, mapema au baadaye, mbele ya swali ambalo mwenye darubini halimsumbui hata kidogo: je, alenge kwa pengo au kwa tundu? Pengo ndilo analolikuta juu ya mtutu siku anayoitoa bunduki dukani, yaani kipande cha chuma kilichochongwa mfano wa herufi V au U, mara nyingi kikiwa na vipembe viwili vilivyojikunja pembeni. Tundu ni pete ndogo inayofungwa nyuma kabisa, juu ya kasha la chuma linalobeba mitambo, karibu na jicho la mpigaji. Msimamo wangu ni kwamba kwa mwindaji wa kawaida wa msituni tundu ni bora, ila liwe tundu pana, na mwenye bunduki akumbuke kuwa kilengeo cha mbele kinastahili kufikiriwa zaidi ya vile watu wanavyokifikiria.

Swali hili limedumu kwa sababu ya maumbile ya bunduki zenyewe. Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning na kuanza kutumia risasi ya .30-30 mwaka 1895, ilikuwa ikitupa maganda yake juu moja kwa moja, kwa hiyo darubini haikuwa na mahali pazuri pa kukaa. Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, ilitupa maganda ubavuni na mgongo wake ulikuwa bapa, hivyo darubini iliwezekana, lakini wengi hawakuitaka. Bunduki hizi ni nyembamba na nyepesi, nazo hubebwa kwa mkono mmoja uliozunguka kasha, mahali ambapo uzito wake unasawazika. Ukishaweka darubini kubwa hapo juu umeipoteza raha hiyo yote, na sioni sababu ya kufanya hivyo kwa risasi ambayo, ikiwa na uzito wa gramu 11 na kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde, haina kazi nzuri ya kufanya mbali sana kupita mita 150. (Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba silaha za namna hii ni ngeni kwao kabisa: Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipoteremka Mombasa mwaka 1909 alikuwa na Winchester ya wenzo ya mwaka 1895, inayotumia risasi ya .405, na aliisifu sana katika kuwinda simba.)

Tuanze na jicho, maana hapo ndipo hoja ilipo. Anayelenga kwa pengo anatakiwa kuona vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti: pengo lenyewe, kilengeo cha mbele, na mnyama. Jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu kwa ukali wakati mmoja. Kijana hudanganya kwa kuhamisha macho upesi upesi, lakini mtu aliyekwisha kupita miaka 45 hana tena wepesi huo, na pengo lililo sentimita hamsini hivi mbele ya uso wake huwa ukungu mtupu. Tundu linaondoa kimoja kati ya vitu hivyo. Hulitazami, unatazama kupitia ndani yake, na jicho bila kuagizwa huipeleka shanga ya mbele, yaani kile kichwa kidogo cha mviringo cha kilengeo cha mbele, katikati ya duara. Asiyeamini achukue kadi, aitoboe kwa ncha ya sindano, kisha asome maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa kupitia hapo bila miwani. Herufi zilizokuwa zimetawanyika zitajikusanya mbele yake, ingawa giza litakuwa limeongezeka.

Faida ya pili ni ya hesabu. Katika bunduki fupi yenye mtutu wa inchi 20, kutoka pengo la katikati ya mtutu hadi shanga ya mbele ni kama sentimita 40, lakini tundu likiwa nyuma ya kasha umbali huo hufika kama sentimita 55. Kosa la nusu milimita katika kuoanisha vilengeo hupeleka risasi pembeni sentimita 12 na nusu kwa umbali wa mita 100 katika hali ya kwanza, na sentimita 9 katika hali ya pili. Kwa mnyama ambaye moyo na mapafu yake yamo katika eneo la upana wa sentimita 20 hadi 25, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kulungu anayeanguka palepale na kulungu anayefuatwa kwa matone ya damu hadi usiku.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaonunua tundu kwa ajili ya uwanja wa shabaha halafu wakaingia nalo msituni. Kisahani kinachoskrubiwa ndani ya pete, chenye kitundu cha milimita moja au mbili, kinapendeza sana mchana kweupe juu ya karatasi. Lakini Pennsylvania, kwa mfano, inaruhusu kuwinda kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ni katika vipande hivyo vya mwanzo na mwisho wa siku kulungu hutembea. Chini ya misonobari mizito mboni ya jicho hupanuka hata kufika milimita 6. Ukiweka mbele yake tundu la milimita 3, nusu ya upana huo, umeruhusu robo tu ya mwanga kupita. Fungua kisahani ukitoe, ulenge kupitia tundu pana la pete alimokuwa kimeskrubiwa, au nunua pete iliyotengenezwa kwa upana wa milimita 5 au zaidi. Ni kweli kwamba tundu pana halinoi picha kama lile dogo, lakini linabaki kuwa la haraka, haliibi mwanga, na tone la mvua haliwezi kutanda ndani yake na kuliziba.

Sasa kilengeo cha mbele. Shanga nyingi za kiwandani zina upana wa milimita 1.6, na kwa kuwa ziko kama sentimita 88 kutoka jichoni, kwa mita 100 hufunika karibu sentimita 18 za mnyama, yaani takriban eneo lote unalotaka kulipiga. Tena shanga ya mviringo inayong'aa ina ila nyingine: jua likiwa upande wa kushoto, ubavu wake wa kushoto huwaka na wa kulia hupotea, jicho hushika ule ulioangaza kana kwamba ndio shanga nzima, na risasi huenda kulia. Napendelea kilengeo chembamba chenye uso bapa, wa shaba au uliopakwa rangi nyeupe, na kichwa kilichokatwa mraba, ili risasi ipige pale penye ukingo wake wa juu na mnyama abaki akionekana. Mwenye fedha ya kubadilisha kilengeo kimoja tu angefanya vyema kuanza na hiki cha mbele.

Pengo halijakosa haki yake. Winchester iliyotengenezwa kabla ya 1964, ikiwa haijaguswa, isitobolewe ili kufungiwa tundu. Wakusanyaji huitazama skrubu moja mpya kama jeraha, na bei yake hushuka papo hapo. Vipembe virefu vya pembeni, hata hivyo, sivipendi kwa vyovyote vile, kwa sababu hufunika nusu ya mnyama kwa manufaa nisiyoyaona. Afadhali pengo pana la U lenye mgongo bapa. Kilengeo cha tundu kinachosimama juu ya shingo ya kitako, cha aina ambayo William Lyman aliipatia hataza mwaka 1879, kina urefu mzuri kati ya vilengeo, lakini humzuia mpigaji kushika shingo ya bunduki vizuri, na kwa risasi nzito kama .45-70 sitaki chuma karibu hivyo na nyusi zangu.

Anayeamua kuweka tundu ajue kwamba mara nyingi hukaa juu kuliko pengo lililoondolewa. Risasi zikipiga juu hata baada ya kulishusha hadi mwisho, dawa ni kilengeo cha mbele kilicho kirefu zaidi. Si kulisaga tundu kwa tupa. Kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele hupelekwa kinyume. Skrubu zitiwe tone la gundi yake, kwani mshindo huzilegeza, na mstari mwembamba wa rangi ya kucha uchorwe kuvuka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma, ili asubuhi ya kuwinda mtu atupe jicho mara moja na kujua kama kuna iliyozunguka.