Pointi za safari ya kikazi ni za nani?

Mfanyakazi wa kampuni ndogo nchini Marekani anapotumwa safari, mara nyingi hapewi masurufu kabla ya kuondoka kama ilivyozoeleka katika ofisi nyingi za Tanzania. Hulipia tiketi na hoteli kwa kadi yake ya mkopo, hurudi na risiti, hujaza fomu, kisha husubiri kurejeshewa. Wakati anasubiri, benki iliyotoa kadi humwandikia pointi kwa kila dola aliyotumia, na pointi hizo huingia katika akaunti ileile yenye pointi za mafuta ya gari lake, za vyakula vya nyumbani na za viatu vya wanawe. Mwisho wa mwaka huzigeuza zote kwa pamoja kuwa tiketi ya kwenda kumwona mama yake, na wapo wakubwa zake, pamoja na wenzake wasiosafiri, wanaomtazama kama mtu aliyechota kidogo katika stoo ya ofisi.

Wanaomlaumu wana hoja. Pointi hizo zimetokana na matumizi ya mwajiri, na mtu anayejua kwamba atavuna kitu ana kishawishi cha kulala hoteli ya dola 210 iliyo katika mpango wake wa zawadi huku ipo ya dola 160 mtaa wa pili. Nchini Ujerumani hoja hii ilishinda. Mwaka 2002 mwanasiasa Gregor Gysi aliachia wadhifa wake katika serikali ya Berlin baada ya kubainika kwamba maili (pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa abiria wao) alizopata kwa safari za kibunge alizitumia kwa safari binafsi. Miaka minne baadaye, tarehe 11 Aprili 2006, Mahakama ya Kazi ya Shirikisho iliamua kwamba maili za safari iliyolipiwa na mwajiri ni haki ya mwajiri, naye anaweza kumtaka mfanyakazi azitumie katika safari za kikazi zinazofuata.

Marekani ilikwenda upande wa pili. Sheria iliyotiwa saini mwishoni mwa Desemba 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali ya shirikisho kubaki na maili za safari za kikazi, mradi wamezipata kwa masharti yaleyale ya abiria wengine na bila kuiongezea serikali gharama. Mwaka uliofuata mamlaka ya kodi nayo ilitangaza kwamba haitawadai watu kodi kwa kutumia maili za namna hiyo, isipokuwa pale zinapogeuzwa kuwa fedha taslimu. Kwa hiyo mtumishi wa serikali anaweza, kwa uhalali kabisa, kuziweka maili za kazini katika akaunti moja na zile alizopata alipokwenda harusini. Kadi yenyewe ni habari nyingine: kwa kawaida sheria ya mwaka 1998 humtaka alipie safari kwa kadi ya serikali, ankara huja kwa jina lake na deni ni lake, lakini fungu ambalo benki hurudisha kutokana na matumizi ya kadi huenda kwa idara yake.

Jambo ambalo wenye kulaumu hawalitaji ni kwamba anayelipa kwa kadi yake anamkopesha mwajiri, tena bila riba. Chukua safari ya dola 2,400. Kwa pointi moja kila dola, na tukiithamini pointi kwa senti moja, mfanyakazi anapata kitu cha thamani ya dola 24. Wastani wa riba za kadi nchini humo umekuwa juu ya asilimia 20 tangu mwaka 2023. Kwa asilimia 21, deni hilo likikaa siku 45 likitozwa riba linazaa takriban dola 62. Hata kadi inayotoa pointi maradufu humpa dola 48 tu, yaani bado yuko katika hasara. Ni kweli kwamba ankara lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa, na aliyezoea kulipa deni lote kwa wakati hatozwi riba. Lakini ili alipe kwa wakati, ama fedha za ofisi ziwe zimeshafika, ama atoe akiba yake mwenyewe, na mwenye akiba ya dola 2,400 zisizo na kazi nyingine si kila mfanyakazi.

Kuna na hatari ya kutorejeshewa. Niliwahi kurudishiwa fomu kwa sababu risiti ya teksi, iliyochapwa kwenye karatasi ile nyembamba ya mashine, ilikuwa imefifia hadi ikabaki nyeupe. Dola 38 zile zilibaki deni langu, na pointi 38 zilizokuja nazo sikuona mtu akizidai.

Nisieleweke kwamba kila kuchanganya ni halali. Kadi ambayo kampuni yenyewe hulipa ankara yake ni ya kampuni, na pointi zake ni za kampuni hadi itamke vinginevyo. Kampuni ya kadi ya American Express, kwa mfano, humwachia mwajiri aamue kama mwenye kadi ya kampuni ajiunge na mpango wa pointi. Vilevile ofisa anayeng'ang'ania kununua kompyuta za ofisi za dola 18,000 kwa kadi yake, wakati muuzaji yuko tayari kupokea malipo ya kampuni moja kwa moja, hakuombwa kumkopesha mtu. Huyo ana maswali ya kujibu.

Ugumu ni kwamba pointi zikishaingia akaunti moja hazina rangi. Mwajiri akija baada ya miaka mitatu kudai zake, nusu zimeshatumika na hakuna wa kusema ni nusu ipi. Anayetaka pointi azifuate mapema: atoe kadi ya kampuni, au atoe masurufu kabla ya safari. Akichagua kusafirisha watu kwa mikopo yao wenyewe, basi walau arejeshe fedha kabla ankara haijafika, na zile dola 24 aziache zilipo.