Mwaka mmoja Ujerumani bila mshahara: vijana wetu wanatumika au wanatumikishwa?

Juzi kwenye kikao cha kamati ya ushirikiano ya usharika wetu mzee mmoja alisimama akasema, mnawapeleka watoto wetu Ulaya wakaoshe wazee wa Kizungu bure halafu mnaita huduma. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, ila lile neno limenikaa kichwani mpaka leo. Sio neno la kupuuza hata kidogo, lakini pia naona limewakosea vijana ambao hawakuwepo pale kujisemea.

Ishu yenyewe ni kwamba dayosisi kadhaa za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zina urafiki wa miaka mingi na makanisa ya Ujerumani, na kupitia urafiki huo vijana wa huku wanaenda kule kujitolea, mara nyingi mwaka mmoja, kwenye chekechea, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu. Tulichozoea zaidi ni ile ya upande wa pili, vijana wa Kijerumani wanaokuja Lutindi, Irente au Moshi, wanajifunza shikamoo, wanazoea ugali, mwaka ukiisha wanarudi kwao. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wake wa weltwärts mwaka 2008, ukawa unachangia gharama za vijana wao kuja nchi kama zetu. Vijana wetu kwenda kwao kwa mpango huohuo ikabidi wasubiri mpaka 2013.

Miaka mitano. Nimeifikiria sana hiyo miaka mitano, maana naona inasema kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote, kwamba mwanzoni ilionekana kawaida kabisa mwenye cha kutoa atoke kule na mwenye cha kupokea awe huku. Na hata leo bado ipo hiyo. Kijana wa miaka 18 kamaliza sekondari kiangazi, mwezi wa tisa yuko Tanzania anasimama mbele ya darasa, na mara nyingi hana hata wiki moja ya mafunzo ya ualimu. Wa kwetu mwenye diploma yake akifika kule anaanza na ufagio na nepi. Wazazi wa yule Mjerumani wanaendelea kupokea hela ya mtoto kutoka serikalini muda wote kijana wao akiwa huku, mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi, wakati mama wa huyu wa kwetu anabaki na shamba bila mtu wa kumsaidia kulima. Hiyo tofauti inaniuma na sitaki mtu aniambie niizoee.

Kuna jambo lingine linampa yule mzee nguvu. Mwaka 2011 Ujerumani walisimamisha jeshi la lazima. Kabla ya hapo kijana aliyekataa kushika bunduki alikuwa anapelekwa kutumikia hospitalini au kwenye nyumba za wazee, na vituo vilikuwa vimezoea sana mikono hiyo ya bei rahisi. Jeshi la lazima lilipoondoka mikono nayo ikaondoka, na mwezi wa saba mwaka huohuo serikali ikaanzisha huduma ya hiari ya shirikisho, ambayo ndiyo sheria inayowapokea wengi wa vijana wetu. Kwa hiyo mtu akisema kuna pengo linazibwa, haongei uongo. Sheria inakataza mtu wa kujitolea kushika nafasi ya mfanyakazi wa mshahara, sawa, lakini aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa anajua ilivyo, asubuhi mmoja kaumwa, mwingine hajafika, unavaa glavu unaingia. Posho anayopewa mtu wa kujitolea ina ukomo na vituo vingi vinatoa chini ya huo ukomo. Unyonyaji unawezekana kabisa na ukitokea usemwe bila kuogopa kuwaudhi marafiki zetu.

Ila sasa nawaomba tumwangalie na aliyekwenda.

Kuna binti wa usharika wetu amerudi mwaka jana. Mama yake aliuza peasi pale Soni msimu mzima ikapatikana laki na nusu ya pasipoti. Akashuka Dar, akakaa kwa shangazi yake Mbagala, kila siku daladala mpaka Upanga kusoma Kijerumani, usiku anarudia maneno kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kule alipangiwa nyumba ya wazee. Alikuwepo bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, haongei, chakula anakitema. Wakamfundisha binti kukata mkate vipande vidogo, kutoa maganda, kusubiri ameze ndipo umpe kingine. Siku moja anamchana nywele akawa anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kitabuni, kile kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa Kiswahili, bila kufikiria. Yule bibi akaanza kuimba naye kwa Kijerumani, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Nyimbo zetu nyingi za kitabuni tuni zake zilitoka kwao, zililetwa na wamisionari, wale wa kwanza kupanda Usambara walifika Mlalo mwaka 1891. Binti anasema alishika kitana akashindwa kuendelea kuchana. Kesho yake akaimba tena, bibi akafungua mdomo akala.

Sasa hiyo nitaiitaje kama sio huduma? Kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilikuwa na watu karibu milioni 26 mwaka 2003, mwishoni mwa 2023 wamebaki kama milioni 18.6, yaani zaidi ya milioni saba wamepungua ndani ya miaka ishirini, wengine wamekufa, wengine wamekwenda wenyewe ofisini wakaandikisha kwamba wanatoka. Wazee waliobatizwa, wakafunga ndoa kanisani, wakatoa sadaka zilizojenga zahanati zetu, wapo kwenye vyumba vile na watu wa kukaa nao dakika kumi ni wachache. Sisi tuna vijana na tuna kwaya, na tumelelewa kukaa na mzee bila kuangalia saa. Ukisema yule binti alikuwa mtumwa unamnyang'anya kitu alichokitoa mwenyewe kwa moyo wake, yeye anajua alitoa nini na kwa nani.

Kuna wanaosema pia kwamba vijana hawa wanakwenda kuzamia, yaani kubaki kule kinyemela. Kweli wapo wanaomaliza mwaka halafu wanaomba nafasi ya kusomea uuguzi hukohuko, na mafunzo yale yanalipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi. Mtu aliyeomba viza na kupewa hajazamia, amepita mlangoni. Shida ninayoiona mimi ni kwamba hata hospitali zetu za dayosisi zinahitaji wauguzi, na hilo tulizungumze na wenzetu waziwazi badala ya kumnyooshea kidole kijana.

Kinachoniumiza zaidi ni kurudi. Binti alifika nyumbani na sanduku moja, na wiki ya kwanza yote swali lilikuwa umetuletea nini, binamu anataka simu, mjomba ameshapiga hesabu ya bati. Hakuna aliyemkalisha chini akamuuliza uliishije, ulifanya nini. Kule kisheria alipata siku 25 za semina ndani ya mwaka, za kujiandaa na kuongea na wenzake yaliyomkuta. Huku alipata dakika tano za salamu baada ya matangazo, kabla watu hawajatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao.

Cheti chake kipo kwa Kijerumani, kurasa mbili, kimeeleza vizuri alivyolisha, alivyosafisha vidonda, alivyokaa na wanaokufa. Amekipeleka kwenye kituo kimoja cha afya kuomba kazi ya uhudumu, wakamrudishia kwa sababu hakuna wa kukisoma. Mkataba wetu na wenzetu wa Ujerumani umetaja tiketi, bima na chumba, lakini tafsiri ya cheti haumo, wala mtu wa kumpokea kijana akirudi. Kamati inakaa tena mwezi ujao. Nimeomba hayo mawili yaingie kwenye mkataba, na nimeomba binti aitwe aongee mwenyewe, na yule mzee awepo.