Kaka, hivi vitabu vya hadithi vimekukosea nini?

Jumapili iliyopita kaka yangu alipitia kwangu Tabata kumchukua binti yake. Akamkuta amejikunja kwenye kochi, miguu juu, kitabu kimemfunika uso, chai ya maziwa imepoa pembeni mpaka imefanya utando. Hata shikamoo ya baba ilichelewa. Kaka akasimama pale mlangoni, funguo za gari mkononi, akaniambia mimi, si yeye: "Mdogo wangu, huyu ana upimaji wa Kidato cha Pili mwaka huu. Na wewe unamjazia vitabu vya hadithi?"

Vitabu vya hadithi. Alitamka kama mzazi aliyekuta msokoto wa bangi kwenye mfuko wa sare.

Halafu akaliangalia kabati langu, akacheka puani. "Na wewe mwenyewe, mtu mzima na kazi yako, bado uko na mambo ya watoto?"

Nikamkaribisha chakula, maana ni kaka yangu na pilau ilikuwa imeshaiva. Hapa sijapika, kwa hiyo nitajibu.

Kwanza hilo la umri. Sera yetu ya vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mimi nina 37. Nimezidi miwili, kosa dogo sana ukinilinganisha na "viongozi wa vijana" tunaowaona kwenye televisheni na mvi zao. Hilo limeisha.

Kabati lina vitabu 212. Nilivihesabu usiku uleule baada ya kaka kuondoka, kwa hasira. Vyote ni riwaya za vijana, au riwaya ambazo vijana walizipora wakazifanya zao, na kwangu hizo ni sawa tu. Zaidi ya nusu ni za Kiingereza, na nitafika huko, maana ndiko kunakoniuma. Nyingi nimeziokota chini, kwenye maturubai ya wauza vitabu vya mitumba mjini. Muuzaji wangu hajali mwandishi wala jina la kitabu, anapima unene kwa vidole: kinene 5,000, chembamba 2,000. Ukifungua ndani unakuta mhuri wa maktaba ya shule fulani huko Ohio, na juu yake mhuri mwingine mwekundu wa kukiondoa. Kitabu kimefukuzwa Marekani, kimekuja kupata kazi Kariakoo.

Shida ya kununua hivi ni mifululizo. Nina "kitabu cha pili" cha mifululizo kumi na mmoja ambayo cha kwanza sijawahi kukiona. Nimeshazoea kuingia vitani katikati, sijui nani kamuua baba wa nani, najiunga tu na jeshi lililo karibu. Kitabu kimoja nilikisubiri miaka minne, nikaja kukikuta Arusha kimewekwa chini ya mguu wa meza ya muuza chipsi isiyumbe. Nilimtafutia kipande cha tofali, tukabadilishana. Kimekatika kona moja lakini kinasomeka.

Sasa hoja yenyewe. Kaka, na wenzake wote (najua mpo, na najua mnanisoma), wanaamini vijana wa siku hizi hawasomi, simu imewamaliza. Si kweli. Hebu chungulieni ndani ya hizo simu. Hadithi za kuendelea zimejaa Facebook na WhatsApp: sehemu ya 1 hadi ya 20 bure, ya 21 mwandishi anakwambia tuma 1,000 kwa M-Pesa uingizwe kwenye grupu. Na wanatuma! Mtoto anayekuomba hela ya kalamu kila wiki, hiyo 1,000 anaipata anakojua yeye. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nyingi ya hadithi hizo usingependa binti yako azione, na kuna waandishi ambao nukta wanaiogopa kama polisi. Lakini usinieleze kwamba mtu anayelipia sehemu ya 21 hapendi kusoma.

Tunaowaondoa kwenye vitabu ni sisi, na kazi hiyo tunaifanya kwa ustadi. Mpaka darasa la saba, kwenye shule zetu za serikali, mtoto anasoma kwa Kiswahili. Sungura yupo, fisi yupo, picha zipo. Anafika miaka 13, 14, sauti inakwaruza, chunusi zinatoka, anaanza kumchukia kila mtu pale nyumbani, yaani ndiyo amefika kwenye umri ambao riwaya hizi huandikiwa. Mwaka huohuo anaingia Kidato cha Kwanza na lugha inabadilika chini ya miguu yake. Jiografia kwa Kiingereza, Biolojia inayomweleza hizo chunusi zake, kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki vipindi vichache kwenye ratiba. Akikutana tena na riwaya ya Kiswahili, haiji kama riwaya. Inakuja kama kitabu teule.

Mnakumbuka vitabu teule, au niwakumbushe? "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili." Fani na maudhui. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, msimamo, falsafa ya mwandishi. Mtu anakufa kwenye ukurasa ulioushika mkononi, na wewe unaulizwa hapo imetumika tamathali gani ya semi. Na kwa kuwa maswali yanajulikana, kuna kijitabu cha uchambuzi, au fotokopi yake, rahisi kuliko riwaya yenyewe, majibu yote yamo. Watu wamepata A ya Kiswahili bila kuifungua riwaya hata kuona jalada la ndani. Mimi pia nilifanya hivyo kwa kitabu kimoja. Sikitaji.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua nakala chakavu ya riwaya ya Takadini kwa 1,500. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa kujituma, kila ukurasa una penseli. "Tashbiha." "Takriri." "Mila potofu." Pembeni ya jina la Sekai, mama wa Takadini, yule mtoto albino, ameandika "jasiri, mvumilivu, ana mapenzi ya dhati", mwandiko wa kupewa chaki akaandike ubaoni. Unaendelea, unafika pale Sekai anapomtorosha mwanawe wasije wakamuua, na mwandiko unageuka. Si penseli tena. Ni kalamu nyekundu, herufi zimekandamizwa mpaka ukipapasa upande wa pili wa karatasi unazisikia kwa kidole: KIMBIA MAMA KIMBIA.

Hakuna mtihani unaotoa alama kwa jibu hilo. Ukurasa unaofuata penseli imerudi, "dhamira: nafasi ya mwanamke katika jamii", mwanafunzi ameshajikusanya. Lakini mimi nilikuwa nimeshamwona. Nilikuwa kwenye daladala la Segerea, nikapitiliza vituo viwili.

Huyo ndiye ninayemtaka. Nataka kitabu ambacho mtoto anaandika KIMBIA kwenye kila ukurasa na hakuna anayemsahihisha.

Ni kweli pia kwamba vingi vya vitabu vyetu vya vijana vinachosha, nisiwapambe. Vimeandikwa na mtu aliyeshika fimbo. Msichana akipendwa ukurasa wa 12, anza kuhesabu: wa 40 ana mimba, wa 70 anaumwa, wa 96 tunazika, na mwalimu mkuu anatoa nasaha palepale makaburini. Najua vilitoka wapi. Viliandikwa wakati UKIMWI unazoa watu na kila wiki una kitenge cha msiba begani, na aliyeishi miaka ile havicheki. Sivicheki. Ila msichana aliyejifunza kwamba kila kitabu kinaishia kumzika, akifungua kingine kwa hiari yake nitamshangaa.

Wakati fulani mambo yalitaka kunyooka. Ilikuja Tuzo ya Burt, fedha zikitoka Kanada, waandishi wetu wakaandika riwaya za vijana hasa, zikachapwa, nakala zikanunuliwa na kupelekwa shuleni. Ninazo kadhaa. Ile ya Nahida Esmail ya watoto wapelelezi wa Shangani nimeisoma mara tatu na nitairudia. Lakini kwa Tanzania tuzo ile ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Watoto wa Shangani, Unguja, palipochukuliwa lahaja ya kusanifishia Kiswahili, wanapeleleza kwa Kiingereza. Simlaumu mwandishi hata kidogo, aliandika palipokuwa na mlango. Na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge tunahutubiana kuhusu lugha adhimu.

Mwaka 1929, kijana aliyejua kusoma Kiswahili alikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, riwaya zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza. Ramani, maharamia, almasi, watu kupotea jangwani. Sawa, mashujaa ni Wazungu na sisi tunabeba mizigo, hilo nalijua. Lakini mtu alikuwa akifungua ukurasa ili ajue kinachofuata.

Na riwaya bora kabisa ya vijana tuliyowahi kuandika, tuliifungia mlango. Nasema Rosa Mistika, 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa na miaka 27 tu. Msichana wa Ukerewe, baba mlevi, barua ya mvulana, kipigo, kisha shule ya bweni na uhuru ambao hakuna aliyemfundisha namna ya kuushika. Ikapigwa marufuku shuleni, na bila shaka ndipo wanafunzi walipoisoma vizuri. Nayo inaishia kaburini, kabla hamjanirudi. Lakini pale anayenyooshewa kidole ni baba.

Tukizungumzia baba. Kaka, hili sikulisema mbele ya mtoto, kwa kuwa si kazi ya shangazi kumwumbua mzazi wa mtu. Rafu ya tatu kutoka juu kulikuwa na nakala ya Kufa na Kupona, ile riwaya ya kijasusi ya Elvis Musiba. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu, limeandikwa jina lako na "Form II B". Unakumbuka ulivyochapwa siku ile mzee alipokukuta nayo chini ya blanketi, na tochi iliyokuwa ya kuangalizia kuku? Akaichukua, akasema amekwenda kuichoma. Tulipofungua sanduku lake baada ya arobaini, niliikuta chini ya kanzu. Haijachomwa. Karibu na mwisho kuna tiketi ya basi la Morogoro imewekwa kama alama. Mzee alikuwa anamsoma Willy Gamba, jasusi wa kitabu hicho, safarini.

Binti yako ameondoka nayo Jumapili ile, katikati ya madaftari ya Hisabati. Sasa unajua.

Mtaniuliza kwa nini nakusanya, si ningesoma tu nikagawa. Mwaka mzee alipofariki nilikuwa Kidato cha Tatu, bweni. Nilirudi shuleni baada ya mazishi sitaki kuongea na mtu. Dada mmoja wa kitanda cha juu akanishushia kitabu bila neno. Hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa 17 na kuishia wa 112, katikati ya sentensi. Kiswahili, karatasi za rangi ya chai, herufi ndogo. Msichana wa kijiji cha pwani anaiba mashua ya mjomba wake usiku, ndani ya mashua kuna mbuzi ambaye hakumwona wakati anasukuma majini, na upepo unageuka. Ndivyo kinavyokatika: upepo umegeuka, mbuzi analia, msichana ameshika kamba na

Hapo. Bweni zima lilikijua, tulikiita "cha mashua", na kila chumba kilikuwa na mwisho wake. Chumba chetu alifika Pemba. Chumba cha pili mjomba alimfuata kwa kuogelea, jambo ambalo mpaka leo nalipinga. Nilikisoma mara sita muhula ule, na ndicho kilichonirudisha kuongea, kwa sababu ilibidi nibishane kuhusu huyo mjomba.

Jina lake silijui. Mwandishi simjui. Vitabu 212, na kila turubai ninaloinama naanza kwa kutafuta mashua. Kama kuna mtu anakijua, au alikisoma kikiwa na kurasa zake zote, naomba aniandikie. Yule mbuzi alifika?