Hans Trapp: zimwi la Krismasi au kabaila aliyepakwa matope?

Desemba ikifika, watoto watundu wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, huambiwa kuwa Hans Trapp anakuja. Na kweli huja. Katika mji mdogo wa Wissembourg, mpakani na Ujerumani, hutembezwa mitaani kabla ya Krismasi, minyororo ikiburuzwa, uso umepakwa masizi. Masimulizi yake yanatisha kuliko hilo vazi. Eti alikuwa tajiri aliyefukuzwa na Kanisa, akakimbilia msituni, akajivika majani makavu kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, akamuua mtoto mchungaji na kumchoma nyama. Kabla hajatia tonge kinywani, radi ikamuua.

Mazimwi wengi hawana ukoo wala kaburi. Huyu anavyo. Ni Hans von Trotha, kabaila wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1503, na ngome yake ya Berwartstein iko ng'ambo tu ya mpaka, katika misitu ya Palatinate. Ukiiona utaelewa kwa nini watu waliiogopa. Imepandishwa juu ya jabali jekundu la mchanga, na sehemu yake imechongwa ndani ya jabali lenyewe: vyumba, njia za giza, kisima cha zaidi ya mita 100. Zamani njia ya kupandia ilikuwa upenyo wa wima kama dohani, mtu mmoja baada ya mwingine. Adui aliyeingiza kichwa humo alikuwa amejileta mwenyewe.

Kisa chenyewe ni ugomvi wa mali. Mwaka 1480 Philip, mtawala wa Palatinate na mmoja wa wakuu waliokuwa na kura ya kumchagua kaisari, alimpa Hans ngome hiyo. Abasia ya Wissembourg, yaani monasteri kubwa inayoongozwa na abati, ikalalamika kwamba ngome na ardhi zake ni mali yake. Hans hakujibu kwa barua. Akaziba mto Wieslauter, mji wa Wissembourg ulioko chini ukakosa maji. Malalamiko yalipozidi, bwawa likabomolewa ghafla, na mji uliokuwa na kiu ukafunikwa na mafuriko. Abati akapeleka mashtaka kwa kaisari, kisha Roma. Papa alimwita Hans akajieleze, hakwenda, akatengwa na Kanisa.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Aliyeshika kalamu katika ugomvi huu alikuwa mmonaki, na mmonaki huyo alikuwa mdai. Hans alifia kitandani, wala si kwa radi. Hakuishia porini akila watu: hata baada ya kutengwa aliendelea kuwa mtu wa kutumwa kwenye ikulu ya kifalme, na adhabu ya Kanisa ilifutwa baada ya kifo chake. Amelazwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Anna, karibu na Niederschlettenbach. Mla watu hapewi kaburi kanisani. Isitoshe, jina lake limekuwa kapu la kutupia kila uovu. Kule Dahn, mji mdogo wa jirani, kuna mwamba mrefu ambao msichana anasemekana kuuruka akimkimbia mwanamume mbaya msituni, akatua salama, na chemchemi ikabubujika alipokanyaga. Wasimuliaji wengine humtaja mwanamume huyo kuwa ni Hans. Nani mwingine?

Lakini nami siwezi kuwapuuza watu wa Wissembourg. Hoja ya kwamba habari zake ziliandikwa na maadui haimrudishii mtu maji. Ugomvi ulikuwa kati yake na abati, waliokauka koo na kuloa nyumba ni raia ambao hawakuwa na hati ya ngome yoyote. Mama aliyemtishia mwanawe kwa jina la Hans miaka ile hakuhitaji mmonaki wa kumfundisha. Alikuwa ameona tope sebuleni.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakitaka Hans asafishwe, au wengine wakitaka abaki zimwi la sikukuu, naona pande zote mbili zimemtazama mtu mmoja mno. Nyama ya mtoto imefunika habari ya maji, na habari ya maji ndiyo yenye kosa la kweli. Tena imemfunika Philip. Yeye ndiye aliyegawa mali yenye mgogoro, akamweka mbele mtumishi wake mkali na kumwacha apambane na abasia. Hakuna mtoto wa Alsace anayeambiwa Philip anakuja.

Ngome nayo imepitia kisa kama cha mwenyewe. Iliungua mwaka 1591 ikabaki gofu kwa takriban miaka 300, hadi ilipojengwa upya kuanzia miaka ya 1890. Sehemu kubwa ya kinachopigwa picha leo, mapaa na vilele vyake, ni kazi ya karne ya 19. Mgeni anakula chakula mle ndani, anaonyeshwa silaha, anasimuliwa Hans Trapp, anaondoka ameridhika. Wachache huvuka bonde hadi Klein-Frankreich, mnara mdogo ambao Hans mwenyewe aliujenga ili ngome yake isishambuliwe kutoka upande ule. Huo haukuezekwa upya. Umebaki mawe ya mduara katikati ya miti.